Kidonge Kinatuliza Mkono Tu: Hofu ya Jukwaani na Mwili wa Mwanamuziki

Vidonge vya kuzuia mtetemeko jukwaani sasa vinatajwa waziwazi. Kwa miaka mingi vilipitishwa kimyakimya nyuma ya pazia, mpiga fidla akimpa mwenzake dakika chache kabla ya onyesho. Leo wasanii wanavitaja mbele ya kamera, na Januari 2024 mwigizaji Robert Downey Jr., alipopanda kupokea tuzo ya Golden Globe, aliwaambia watazamaji kwamba amemeza beta-bloka, ndivyo vidonge hivyo, vinavyozuia kazi ya adrenalini mwilini. Uwazi huu ni jambo jema. Kinachotia wasiwasi ni mjadala uliofuata, ambao umegawanya watu kambi mbili: wanaosema kumeza kidonge ni udanganyifu, na wanaosema tatizo sasa limepata dawa yake. Kambi zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinaiona hofu ya jukwaani kama kitu kimoja, ambacho kipo au hakipo. Ukweli ni kwamba hofu hiyo ni mabadiliko mengi ya mwili yanayotokea kwa pamoja. Kila badiliko lina chanzo chake, linaharibu sehemu yake ya muziki, na linadai maandalizi yake. Kidonge kinagusa mawili tu kati ya hayo, na yale yanayouharibu muziki zaidi kinayaacha kama yalivyo.

Ubongo ukishaamua kwamba kuna hatari, mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila hiari yetu huziamsha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza maandalizi haya ya kupigana au kukimbia mwaka 1915, na maelezo yake ya msingi bado yanasimama. Moyo unakwenda mbio. Mishipa midogo ya damu ya ngozi inabana ili damu iende kwenye misuli mikubwa, kwa hiyo vidole vinapoa, na kwa kuwa viganja vinatoka jasho wakati huohuo, mwanamuziki anajikuta na mikono ya baridi iliyolowa. Mate mepesi yanapungua, yanabaki mazito yanayonata. Mboni za macho zinatanuka, na kusoma noti zilizo karibu kunakuwa kazi kidogo. Pumzi inapanda kifuani na kuwa ya harakaharaka. Kisha kuna mtetemeko. Mkono wa kila binadamu hutetemeka muda wote, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila kwa kiasi kidogo kisichoonekana. Adrenalini hailetei mkono mtetemeko mpya, inaukuza uliokuwapo. Kwa anayetaka kukimbia, kila moja ya mabadiliko haya lina faida. Kwa anayetaka kuvuta noti moja ndefu kwa sauti ya chini kabisa, karibu yote ni vikwazo.

Tazama mkono wa kulia wa mpiga fidla. Anapocheza kwa nguvu, uzito wa mkono unaubana uta, kile kijiti cha kupigia fidla, kwenye waya, na mtetemeko mdogo humezwa na uzito huo. Anapocheza polepole na kwa sauti ndogo, uzito ni kidogo mno, na mtetemeko unapata nafasi ya kusikika: uta unadundadunda, hasa katikati, ambako kijiti kina mnyumbuko mwingi. Sasa anafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, anaukaza uta kwa kidole gumba. Hilo linazidisha tatizo, kwa sababu vifundo vya vidole, vilivyokuwa vinapunguza msukosuko wa mkono, vimefungwa, na mtetemeko wa mkono mzima unafika kwenye waya bila kizuizi. Mkono wa kushoto nao, ukiwa wa baridi, unahisi waya kwa shida. Vidole vinavyohamia juu vinafika pungufu ya noti, na mtikisiko wa kupamba sauti unakuwa mwembamba na wa haraka kuliko mchezaji alivyokusudia.

Ala za kupuliza zina shida zake. Mpiga tarumbeta hutegemea midomo itetemeke kwa hewa, na mdomo mkavu haushiki mtetemo sawasawa, hivyo noti ya kwanza inachelewa au inapasuka. Mpiga filimbi ya pembeni hupoteza umbo la tundu dogo kati ya midomo yake, na sauti inajaa upepo. Mpiga obo yuko katika hali ya pekee. Mwanzi wa ala yake unapitisha hewa kidogo sana, kwa hiyo akiwa na hofu hulemewa akiwa na mapafu yaliyojaa: hewa iliyotumika imebaki ndani, naye anaongeza nyingine juu yake. Anachohitaji katika pumziko la muziki ni kutoa hewa kwanza, ndipo avute. Kwa mwimbaji, zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, inapanda, koo linabana, na sentensi ya wimbo aliyoimaliza kwa pumzi moja mazoezini inamtaka avute mbili. Mpiga piano anainua mabega bila kujua, mguu wa kulia unatetemeka juu ya pedali, na kasi inaongezeka. Kasi, kwa kweli, ni tatizo la wote. Moyo unapokimbia, kasi ileile ya mazoezini inaonekana kama imezubaa, na mchezaji anaanza juu ya uwezo wake akiamini ameanza sawa.

Hapo ndipo tunaweza kupima kidonge kwa haki. Propranololi, mojawapo ya beta-bloka, ilitokana na kazi ya mwanasayansi James Black katika miaka ya 1960, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na ilikusudiwa wagonjwa wa moyo. Dawa hii inaziba vipokezi ambavyo adrenalini hushika kwenye moyo na kwenye misuli. Wanamuziki waligundua manufaa yake mapema, na utafiti ukafuata. Mwaka 1977 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio la wapiga ala za nyuzi 24 waliopewa miligramu 40 za oksiprenololi, dawa ya kundi hilohilo, au kidonge kisicho na kitu, bila wao kujua wamemeza kipi. Uchezaji uliboreka, na walioboreka zaidi walikuwa wale waliokuwa na hofu kubwa. Miaka 7 baadaye jaribio jingine lililinganisha dawa ya kundi hili na diazepamu, ambayo hutuliza akili. Diazepamu haikusaidia, na ilielekea kuharibu uchezaji. Katika uchunguzi wa mwaka 1987 uliojibiwa na wanamuziki 2,212 wa orkestra kubwa za Marekani, 27% walisema wamewahi kutumia beta-bloka. Kwa hiyo anayesema kidonge hakifanyi kitu anakanusha jambo lililopimwa. Uta unatulia. Moyo unapunguza mbio.

Lakini angalia kisichoguswa. Mate yanaongozwa zaidi na mishipa mingine, hivyo mdomo unabaki mkavu. Mikono inaweza kuwa ya baridi zaidi, kwa kuwa dawa inaziba pia vipokezi vinavyosaidia mishipa ya damu kutanuka. Pumzi ya juujuu inabaki, mwendo wa mawazo unabaki, na kumbukumbu iliyojengwa vibaya inabaki vibaya. Mwenye pumu hapaswi kuigusa, kwa sababu inaweza kubana njia za hewa. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole au shinikizo la chini yuko hatarini. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, inaficha mapigo ya haraka na mtetemeko, ambazo ndizo dalili za kumwonya kwamba sukari imeshuka. Inataka daktari, na inataka ijaribiwe siku ya kawaida ya mazoezi, kamwe isiwe mara ya kwanza siku ya onyesho. Anayeimeza kila siku naye asiache ghafla. Tena wapo wanaolalamika kwamba wakiwa wameimeza, muziki wao unakuwa safi lakini umepoa. Sioni sababu ya kulipuuza lalamiko hilo: nguvu ya mwili ni malighafi ya mchezaji, na kipimo cha dawa kikizidi inazimwa pamoja na mtetemeko.

Hoja ya udanganyifu inastahili jibu, ingawa naiona dhaifu. Wanaoitoa hutaja michezo, nao wana mfano wa kweli. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mlenga shabaha Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa na propranololi mwilini. Ila katika kulenga shabaha, utulivu wa mkono ndio hasa unaoshindaniwa. Katika muziki, utulivu wa mkono ni sharti la kufikia kinachopimwa, yaani sauti, tungo, uelewa, masikilizano na wenzako. Hakuna kidonge kinachompa mtu noti ambazo hajazijua. Upande mmoja tu wa hoja hiyo una uzito: ikifika mahali ambapo watahiniwa wengi wa nafasi moja ya orkestra wamemeza, yule asiyeweza kumeza kwa sababu ya pumu anaachwa nyuma kwa jambo lisilohusu muziki wake. Hilo ni tatizo la jinsi usaili unavyoendeshwa, na nitalirudia.

Dhaifu zaidi ni hoja ya walimu wanaosema panda jukwaani mara nyingi, utazoea. Pablo Casals alicheza selo mbele ya watu tangu utotoni hadi uzeeni, na hofu haikumwacha. Mwaka 1901, akiwa na miaka 24, jiwe liliuponda mkono wake wa kushoto wakati akishuka mlima Tamalpais karibu na San Francisco, na kwa maelezo yake mwenyewe wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la shukrani, kwamba hatalazimika tena kucheza selo. Mpiga piano Vladimir Horowitz, ambaye hakukosa uzoefu, alikaa mbali na majukwaa tangu 1953 hadi 1965. Kupanda jukwaani kunafundisha kile kinachofanyika pale. Mtu anayepanda akiwa ameshika pumzi na kukaza uta, mara 100, amefanya mazoezi ya kushika pumzi na kukaza uta mara 100. Kurudia kunasaidia tu pale ambapo kila mara mwili unafanya jambo jipya.

Kuna pia usemi kwamba hofu kidogo inasaidia, na huo una ukweli unaotumiwa vibaya. Chanzo chake ni jaribio la wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson la mwaka 1908, waliowafundisha panya kutofautisha visanduku kwa kuwatia umeme. Sehemu inayosahaulika ni hii: kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliharakisha kujifunza, ilipokuwa ngumu, umeme mkali uliharibu, na kiwango cha wastani ndicho kilichofaa. Si halali kuhamisha panya hadi jukwaani moja kwa moja, lakini kila mchezaji anayeujua mwili wake atakitambua kilichomo. Msisimko unabeba kifungu cha haraka chenye sauti kubwa. Msisimko huohuo unaua kifungu cha polepole chenye sauti ndogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si hofu kiasi gani inafaa, bali inafaa kwa kifungu kipi, na jibu lina matokeo ya moja kwa moja katika kupanga onyesho. Mapigo ya moyo aghalabu huwa juu zaidi karibu na mwanzo. Kuanza na kipande cha sauti ya kati chenye mwendo, kinachotumia misuli mikubwa, ni uamuzi wa busara. Kuanza na noti ndefu ya kunong'ona ni kujitafutia balaa, hata kwa mchezaji hodari.

Sasa nifike kwenye uharibifu mkubwa zaidi, ambao kidonge hakiufikii: umakini kugeukia vidole. Kifungu kilichorudiwa mara nyingi huendeshwa na kumbukumbu ya mwili, kama mnyororo ambao kila pete inavuta inayofuata. Mchezaji mwenye hofu huanza kujikagua: kidole cha nne kitafika? Ukaguzi huo unaukata mnyororo, na mwendo uliokuwa mmoja unagawanyika vipandevipande ambavyo akili haiwezi kuviunganisha kwa kasi ile. Ndipo mtu anapotea katika ukurasa anaoujua kuliko jina lake. Mwanasaikolojia Roy Baumeister aliandika mwaka 1984 kuhusu jinsi shinikizo linavyoleta kujikagua huku, na Gabriele Wulf, mtafiti wa mwendo wa mwili, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mwendo wa mwili unakuwa bora mtu anapoelekeza umakini kwenye matokeo nje ya mwili. Kwa mwanamuziki, matokeo hayo ni sauti inavyofika ukuta wa nyuma wa ukumbi, au noti ambayo sentensi nzima inaiendea.

Maandalizi, basi, yapangwe kwa dalili. Pumzi iwe ya kwanza, kwa sababu ushauri wa kawaida wa kuvuta pumzi nyingi unadhuru. Mwenye hofu tayari anapumua kupita mahitaji. Akivuta zaidi, hewa ukaa kwenye damu inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinaingia ganzi. Kinachotuliza ni kutoa hewa polepole: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, pumzi kama 6 kwa dakika, kwa dakika 5, ukiwa umekaa na tumbo limelegea. Hilo lifanyiwe mazoezi kila siku kwa wiki kadhaa, maana ustadi ulioanza kujifunzwa nyuma ya pazia haufanyi kazi nyuma ya pazia. Mikono ya baridi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu hadi kwenye viwiko kwa dakika 3 hadi 5, ikaushwe vizuri, kisha mwili mzima utembezwe. Kusugua vidole peke yake hakutoshi, kwa kuwa amri ya mbano imetoka kwenye ubongo. Kwa mdomo mkavu, kung'ata taratibu kingo za ulimi huamsha mate kuliko kunywa glasi nzima ya maji, ambayo huosha hata yale machache yaliyobaki.

Kisha kuna zoezi ambalo naliona muhimu kuliko yote, na ambalo shule nyingi hazilifundishi. Wiki 3 kabla ya onyesho, mara moja kwa siku, panda ngazi au ruka mahali pamoja kwa sekunde 40 hadi 60 hadi moyo udunde kwa nguvu (mwenye tatizo la moyo asifanye), washa kinasa sauti, shika ala papo hapo na ucheze ukurasa wa kwanza bila kupasha mikono moto na bila kusimama. Mara moja tu. Mara ya pili siku hiyo mikono imeshazoea, na zoezi limepoteza maana. Kinasa kitakuonyesha kasi uliyoanza nayo, mahali uta ulipodunda, mahali pumzi ilipokatika. Usijilaumu, badilisha mpango: anza noti ndefu mahali pa uta penye uzito zaidi na uusogeze kwa kasi kidogo zaidi, ongeza alama ya kuvuta pumzi katikati ya sentensi, chagua mpangilio wa vidole unaofaa mkono wa baridi, hata kama ule mwingine unang'aa zaidi mkono ukiwa na joto. Kasi isipimwe kwa hisia. Chagua kifungu kifupi kigumu katikati ya kipande, kiimbe moyoni kwa kasi unayoweza kukicheza, ndipo uanze mwanzo kwa kasi hiyo.

Kumbukumbu inajengwa kwa namna tofauti na inavyodhaniwa. Anayerudia kipande kutoka mwanzo hadi mwisho anajenga mlango mmoja tu wa kuingilia. Weka vituo, tuseme 10, kila kimoja kikiwa mahali unapojua kodi (noti zinazolia pamoja) ni ipi, besi iko wapi na kidole gani kinaanza. Jizoeze kuanza kutoka kila kituo, ukianzia cha mwisho ukirudi nyuma, na mara nyingine bila ala, ukisema noti kwa sauti. Siku utakayopotea jukwaani, hutarudi mwanzo. Utaruka hadi kituo kinachofuata, na wengi hawatajua. Na usipoteze nguvu kujiambia utulie. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwataka watu wajiambie kwamba wamechangamka kabla ya kuimba karaoke, na mashine ikawapa alama za juu kuliko wale waliojiambia wana wasiwasi. Mwili ulioamka ni rahisi kuupa kazi kuliko kuuzima.

Nayajua mapungufu ya haya yote. Yanataka wiki, ilhali kidonge kinataka saa moja au zaidi kidogo. Wapo ambao hofu yao imepita jukwaa, inawanyima usingizi kwa siku nyingi, inawafanya waache ala waliyoipenda. Hao wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na kuwaambia wapande ngazi ni ukatili. Wapo pia ambao mtetemeko wa uta ndio shida yao pekee, na kwao kidonge alichoandika daktari ni jibu halali kabisa, bila aibu. Lakini wengi wako katikati, na hao ndio wanaopotezwa na mjadala wa sasa, kwa sababu wanameza, uta unatulia, kisha wanasahau ukurasa wa 3 na kuhitimisha kwamba hawakuumbiwa jukwaa.

Wanaoendesha usaili na mitihani wana sehemu yao, na ni rahisi kuliko inavyosemwa. Tangu miaka ya 1970 orkestra nyingi zimetumia pazia ili majaji wasimwone mchezaji, hivyo si kweli kwamba taratibu hizi hazibadiliki. Chumba cha kusubiria kiwe na joto. Mtahiniwa aambiwe saa yake na iheshimiwe, kwa kuwa kucheleweshwa kwa saa mbili kunaiacha mikono ipoe na, kwa aliyemeza, kunavuruga hesabu ya dawa. Apewe dakika 2 za kusikia ala yake ndani ya ukumbi kabla ya kuanza kupimwa. Kifungu cha polepole cha sauti ndogo kisiwe cha kwanza, kiwe cha tatu au cha nne. Na ikiwa noti ya kwanza kabisa imepasuka, aruhusiwe kuanza upya mara moja bila kuomba radhi. Hakuna hata moja kati ya haya linaloshusha kiwango, na kila moja linampunguzia mchezaji asiyeweza kumeza dawa ule mzigo wa kushindana na waliomeza.